Skima inatoa povu kila siku, mbona nitrati imefika 80?

SWALI: Habari mtaalamu. Niko Tanga, nina tenki la maji ya chumvi lita 300, samaki sita na mawe ya matumbawe. Jamaa aliyeniuzia alinifungia skima ya protini akasema sitabadili maji tena. Mwezi wa nne sasa, kikombe cha skima kinajaa kila siku ila mwani umetanda kwenye mawe, samaki mmoja kafa na nitrati, yale mabaki ya uchafu uliooza majini, inasoma miligramu 80 kwa lita. Jamaa anasema ninunue skima kubwa zaidi pamoja na dawa yake ya kusafisha maji. Ninunue?

JIBU: Usinunue ndugu yangu. Skima usinunue na hiyo dawa usinunue. Kila siku naitwa kwenye nyumba za watu nakuta hadithi hii hii, mashine inapiga kazi vizuri, samaki wako hoi, na mwenye nyumba ana uhakika maji ni safi kwa sababu anaona povu.

Umeshaona mtu anavyoengua povu kwenye sufuria ya supu? Ndo kazi ya skima. Inapuliza viputo vidogo vidogo kama ukungu ndani ya mrija, mafuta na protini za chakula na kinyesi zinanata kwenye vile viputo zinapanda navyo hadi kwenye kikombe. Sasa ukiengua povu lote la supu, chumvi inapungua? Haipungui. Nitrati ni hivyo hivyo, imeshayeyuka kwenye maji, hainati kwenye kiputo, hata ufunge skima kubwa kama pipa. Skima inauwahi uchafu kabla haujaoza, ukishaoza ukawa amonia, bakteria wa kwenye mawe wakaigeuza nitriti halafu nitrati, hapo imeshachelewa. Na hata huo ambao haujaoza haiumalizi. Kuna majaribio yalifanyika Chuo Kikuu cha Penn State huko Marekani, skima walizopima zilitoa kama asilimia 20 hadi 30 tu ya kaboni ya uchafu iliyokuwemo kwenye maji.

Dawa yako ni ndoo. Badili robo ya maji, yaani lita 75, kila wiki kwa wiki nne. Piga hesabu: 80 inashuka 60, inakuja 45, halafu 34, halafu 25, ila hiyo ni kama umepunguza chakula pia, maana ukiendelea kumwaga chakula kinaenda kuozea nyuma ya mawe utakuwa unapanda ngazi inayoshuka. Maji mapya yafikishe 1.025 kwenye haidromita, kile kipimo cha chumvi, kabla hujayamimina. Kama unachota baharini, chota maji yamejaa, mbali na bandari na mlango wa mto, na siyo siku zinazofuata mvua kubwa. Ukishafika 25 endelea na asilimia 10 hadi 15 kwa wiki.

Halafu angalia kikombe chako kwa makini, hujaniambia kinajaa nini. Uchafu wa kweli una rangi ya chai ya rangi iliyochemka sana, mzito, na unanuka uvundo mpaka unageuza uso. Kama kinajaa maji meupe yasiyonuka, skima haijatoa kitu, inamwaga tu maji yako ya chumvi. Mara nyingi ni kina cha maji pale ilipokaa: joto la huko linakausha maji, wewe unajaza mengi kwa mkupuo, povu linapanda ghafla. Jaza kidogo kidogo kila siku, na ujaze maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, maana chumvi haiendi na mvuke. Na ule mrija wa juu ufute kila wiki, ukishika mafuta povu halipandi.

Hizo dawa za kusafisha maji ndo zinanichosha kabisa. Niliitwa usiku na mteja mmoja, skima imefurika mpaka zulia limelowa, na muuzaji kamwambia kwa simu asiwe na wasiwasi, huo ni uchafu unatoka. Nikachota kwenye kikombe, maji meupe kama ya bomba. Dawa ndiyo ilikuwa inatoa povu! Nyingi za hizi zinafanya hivyo, mtu anaona povu anaamini imefanya kazi, anarudi kununua chupa nyingine. Chupa isiyoandikwa kilichomo usiimimine kwenye tenki, kama ina shaba konokono na kamba wako wote wanakwisha.

Na wanaofuga samaki wa maji baridi nao wasikie maana wanauziwa skima siku hizi. Chumvi ndiyo inafanya viputo vibaki vidogo bila kuungana. Kwenye tenki la goldfish viputo vinaungana, vinakuwa vikubwa, vinapasuka, povu la kubeba uchafu halijengeki. Mwezi uliopita nimeitoa moja kwa mama mmoja aliyekaa nayo nusu mwaka akisubiri kikombe kijae, kikombe kikavu, na kwa muda wote huo hakuwa amebadili maji hata mara moja kwa sababu aliyemfungia alimwambia haina haja.