Maswali ya Wasomaji: Mbunge wa Marekani Akiondoka, Anazuiwa Nini Hasa?

Swali (Morogoro): Nimesoma kwamba Marekani mbunge aliyeondoka haruhusiwi kuwashawishi wenzake. Mbona wengi wanaajiriwa na kampuni za ushawishi hata kabla vumbi la uchaguzi halijatulia?

Jibu: Kuajiriwa hakujakatazwa. Kifungu cha 207, Sura ya 18 ya sheria za shirikisho, kinakataza kuwasiliana na wabunge au watumishi wa Kongresi, au kufika mbele yao, kwa niaba ya mtu mwingine ili kuathiri uamuzi rasmi. Aliyetoka Baraza la Wawakilishi husubiri mwaka 1. Seneta naye alisubiri mwaka 1 hadi sheria ya 2007, iliyozaliwa na kashfa ya hongo ya Jack Abramoff, mshawishi wa kulipwa wa Washington, ilipomfikisha miaka 2. Ndani ya muda huo simu, barua pepe na ujumbe mfupi vyote vinahesabika. Hata kuandamana na mteja kikaoni na kukaa kimya kunaweza kuhesabika, kwa kuwa kuonekana kwake tu ni ujumbe tosha.

Sasa tazama kinachobaki. Anaweza kukaa ofisini kwa mwajiri wake mpya akaeleza ni mtumishi yupi wa kamati anayeandika kipengele fulani, mwenyekiti anaogopa nini, na mswada utapitiwa wiki gani. Anayekwenda Kongresi ni mwenzake, na sharti ni kwamba asitaje jina la mbunge huyo wa zamani. Wizara na mamlaka za serikali hazimo kabisa katika zuio hilo. Anaweza kuziendea kesho yake. Isitoshe, sheria ya 1995 humtambua mtu kuwa mshawishi wa mteja pale tu anapofanya mawasiliano zaidi ya mara moja na kutumia angalau asilimia 20 ya kazi yake kwa mteja huyo katika ushawishi, ndani ya miezi 3. Anayeshauri tu, bila kuwasiliana na afisa yeyote, hasajiliwi, alipwe kiasi chochote.

Billy Tauzin wa Louisiana aliongoza kamati ya Baraza iliyoshughulikia sheria ya 2003 ya dawa za Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, ambayo iliizuia serikali kujadiliana bei na watengenezaji. Mwanzoni mwa 2005 akawa mkuu wa PhRMA, chama cha watengenezaji haohao. Sheria haikumzuia kukalia kiti hicho. Wazee waliendelea kununua dawa chini ya katazo lile, na ni mwaka 2022 tu ndipo Kongresi iliporuhusu serikali kujadili bei za baadhi ya dawa.

Swali (Mombasa): Anayekiuka anafungwa?

Jibu: Anaweza kufungwa hadi mwaka 1, au 5 akithibitika kukusudia. Serikali inaweza pia kumdai faini ya hadi dola 50,000 kwa kila kosa, au kiasi alicholipwa kikiwa kikubwa zaidi. Kesi ni chache, maana lazima mwendesha mashtaka athibitishe mawasiliano na pia nia. Msaidizi wa zamani wa Seneta John Ensign alishtakiwa 2011, akakiri kosa dogo mwaka uliofuata, na hakufungwa.

Swali (Dodoma): Kwa nini wasipige marufuku ya maisha?

Jibu: Katiba yao inalinda haki ya kusema na ya kupeleka maombi serikalini. Katazo la jimbo la Ohio kwa wabunge wake wa zamani lilianguka mahakamani 2010, na la miaka 2 la Missouri likaanguka 2024. Florida wapiga kura walipitisha miaka 6 mwaka 2018. Kanada inaweka miaka 5.

Kwa maoni yetu urefu wa muda si tatizo kuu. Ukirefusha muda na kuacha ushauri wa kulipwa nje ya sheria, unampa mbunge muda mrefu zaidi wa kufanya kazi ileile nyuma ya pazia. Dawa yake imo tayari katika kifungu hichohicho cha 207: serikali au chama cha siasa cha nje kikitaka kuathiri maamuzi ya serikali ya shirikisho, mbunge aliyeondoka haruhusiwi kukiwakilisha, kukisaidia wala kukishauri kwa mwaka 1. Ushauri umetajwa waziwazi. Kama unaweza kukatazwa kwa fedha za nje, ukatazwe na kwa fedha za kampuni za dawa.

Swali (Nairobi): Serikali za Afrika huajiri kampuni za ushawishi Washington. Raia anaionaje mikataba hiyo?

Jibu: Anayekubali kuwa wakala wa serikali ya nje lazima ajisajili Idara ya Sheria ndani ya siku 10, chini ya sheria ya 1938 ijulikanayo kama FARA. Fungua fara.gov, ni bure. Tafuta kwa jina la nchi kwanza, kwani kazi mara nyingi hugawiwa kampuni nyingine ndogo ambayo hutaijua jina. Soma kiambatisho B, ndimo mkataba ulimo, kisha fomu fupi za watu binafsi. Hapo ndipo majina ya wabunge wa zamani hujitokeza. Malipo yenyewe yamo katika taarifa za kila miezi 6.

Kwa wateja wa ndani ya Marekani, fungua fomu ya usajili ya LD-1, sehemu ya orodha ya washawishi. Karibu na kila jina huandikwa wadhifa wowote husika aliowahi kuushika serikalini au Kongresi katika miaka 20 iliyopita.