Ticha Tukuulize: Cheti kipi, kozi ipi, na nani atakuona ukifundisha?

Ticha shikamoo. Nafundisha Kiingereza sekondari, digrii ya ualimu ninayo na darasani nina miaka ya kutosha, ila kila nikifungua simu naletewa matangazo ya kozi za TEFL (kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni) za saa 120, unasoma mwenyewe, cheti unaprinti mwenyewe. Wengine nao wananiambia bila CELTA, kile cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza, sina kitu, nikiangalia ada ya CELTA nafunga simu. Nishike ipi?

Marahaba mdogo wangu. Kwanza ujue hiyo TEFL haina mwenyewe, hakuna ofisi duniani inayomiliki hilo jina, mtu mwenye kompyuta anaweza akafungua "chuo" leo jioni na kesho akakutumia cheti chenye muhuri wa dhahabu. Namba ndo inayochanganya watu, maana CELTA ya Cambridge nayo ina saa zisizopungua 120, basi mtu anaona si ni kilekile tu kwa bei ya chini. Sio kilekile. Ndani ya CELTA kuna saa 6 unazosimama mbele ya wanafunzi wa kweli, wa viwango viwili tofauti, mkufunzi kakaa nyuma anaandika na wenzako wanaandika, ukimaliza mnakaa kulichambua somo lilivyoenda na hapo ndo jasho linapokutoka. Kuna saa zingine 6 za kuangalia walimu wazoefu, na kazi 4 za kuandika. Trinity CertTESOL, cheti kama hicho cha chuo cha Trinity cha London, wanakaribiana nao, saa 130 na za kufundisha ni hizohizo 6, tena wana kitu nakipenda sana, wanakufundisha lugha usiyoijua kabisa kwa masaa machache ili uonje ilivyo kukaa dawatini hata ukiambiwa fungua daftari huelewi (mimi ningekuwa na uwezo ningekifanya lazima kwa kila ticha wa lugha).

Kwa hiyo kabla hujatoa hela yako uliza hivi: nitafundisha nani, na nani atakuwepo kuniona? Wakikwambia utaangalia vidio na kujibu maswali ya kuchagua, jua unanunua kitu cha kusoma. Sio dhambi, kama ni bei ndogo na unataka kuyajua ya msingi soma, ila usiweke matumaini ya ajira hapo. Na wakijisifu wanatambulika Uingereza, rejista ya Ofqual, wasimamizi wa mitihani na vyeti wa huko, iko wazi mtandaoni, ingia tafuta jina la cheti. CELTA na CertTESOL zote zimo, leveli 5 (ngazi ya diploma ya juu).

Ila kwa hali yako wewe, mi nisingekimbilia CELTA. Ile imetengenezwa zaidi kwa anayeanza au mwenye uzoefu mdogo. Mtu wa miaka yako angalia Delta, cheti cha juu cha haohao Cambridge, ambayo ni leveli 7 (ngazi ya masters) na imegawanywa moduli 3, unaweza kuzifanya kwa mpangilio wowote unaotaka, moja sasa hivi na nyingine ukipata hela. Moduli ya 1 ni mtihani wa kuandika, ya 2 ndo ya kufundisha huku unaangaliwa, ya 3 ni kazi ndefu ya kuandika kuhusu eneo unalolichagua mwenyewe. Ni ngumu, nisikudanganye. Kama bado inakutisha kuna TKT, mtihani wa Cambridge wa maarifa ya kufundisha, kila moduli ya msingi ina maswali 80 kwa dakika 80, hakuna kufeli, unapewa bendi kuanzia 1 mpaka 4. TKT haikuoni ukifundisha, lakini maneno ya fani utayashika na baadaye Delta haitakushtua sana.

Habari ticha, mi shuleni ni mwalimu wa Kiingereza peke yangu, hela ya kozi sina, mkuu wa shule kila nikimwambia ananijibu bajeti hakuna. Nitajiendelezaje hivi?

Nzuri ndugu yangu. Simu si unayo? Basi anza na hiyo. Waambie wanafunzi kwamba unajirekodi wewe ili uboreshe ufundishaji, omba ruhusa kwa mkuu wa shule, weka simu mezani irekodi sauti tu, dakika 10 zinatosha. Usiku sikiliza. Utajichukia kidogo, sote tunaichukia sauti yetu, pita hapo halafu sikiliza kitu kimoja tu: ukiuliza swali, unakaa sekunde ngapi kabla hujaongea tena?

Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe aliyapima haya kwenye madarasa ya Marekani, matokeo yake yakatoka miaka ya 1970, akakuta walimu wanasubiri kama sekunde 1 hivi kisha wanadakia, wanajibu wenyewe au wanamtaja mwingine. Waliojizoeza kusubiri sekunde 3 na zaidi, wanafunzi wao walitoa majibu marefu na waliokuwa kimya nao wakaanza kuongea. Na hayo yalikuwa madarasa ya sayansi, sasa mfikirie mwanafunzi wako ambaye inabidi alitafute jibu kwanza halafu alitafutie Kiingereza chake, na wewe ndani ya sekunde 1 ushamwambia "Okay, who can help him?"

Kingine utakachokisikia kwenye hiyo rekodi, nakuhakikishia, ni "Do you understand?" na darasa zima "Yes, teacher!" Halafu unawapa kazi na nusu yao wanageuka kumuuliza jirani tumeambiwa tufanye nini. Badilisha hilo swali. Umewaambia waandike sentensi tano wawiliwawili? Uliza "How many sentences?" na "Alone or in pairs?" Hapo asiyeelewa anaonekana mwenyewe, bila kukiri mbele za watu kwamba hajaelewa.

Baada ya hapo mkamate mwenzako, hata awe wa hesabu, akae nyuma kipindi kimoja. Usimuombe akutathmini, atakwambia "umefundisha vizuri ticha" na mtaishia hapo. Mpe mchoro wa madawati na kalamu, kila mwanafunzi akiongea aweke alama kwenye dawati lake. Mwisho wa kipindi utakuta kuna kona nzima haina alama hata moja, na ni kona ambayo ungeapa kwamba unaifundisha. Badilisha kitu kimoja, labda unavyosimama, labda unavyochagua wa kujibu, kaa nacho wiki mbili hivi, halafu mwite tena na mchoro mpya. Yaandike yote kwenye daftari hata kwa mistari mibovu, vyuoni hii wanaiita utafiti tendaji na kuna watu wanaipatia masters.

Vya kusoma bure vipo, tovuti ya TeachingEnglish ya British Council ina makala na webina kibao. Ila usiwe mtu wa kukusanya webina, chukua moja, kajaribu darasani, ndo urudi.

Ticha, hivi vyama vya walimu wa Kiingereza vina faida gani kwa sisi wa kawaida au ni vya maprofesa tu?

Maprofesa wapo wengi, sikatai. Vile vikubwa ni TESOL cha Marekani cha mwaka 1966 na IATEFL cha Uingereza kilichoanza 1967, vyote vina mkutano kila mwaka na nauli, hoteli na kiingilio sio mchezo. Lakini anza na chama cha nchini kwako, vyama vingi vya kitaifa vimeungana na hao wakubwa, ada yake inalipika na hapo ndo utakutana na mtu anayefundisha darasa kama lako. Halafu omba skolashipu, IATEFL wanazo za kuhudhuria mkutano, na kuna mfuko wa A. S. Hornby, yule wa kamusi ya Oxford ya wanafunzi wa Kiingereza, aliouanzisha 1961 kwa hela za vitabu vyake, unasomesha na kusapoti walimu wa Kiingereza wa nchi mbalimbali. Watu hawaombi kwa sababu wanadhani wanatakiwa wawe na jambo kubwa la kusema. Yule mwenye mchoro wa madawati hapo juu tayari ana presentesheni, anachotakiwa ni kuiandika kwa maneno machache na kuangalia tarehe ya mwisho, maana maombi hufungwa miezi kadhaa kabla ya mkutano wenyewe.

Shikamoo ticha. Naona aibu kuuliza ila Kiingereza changu chenyewe kinanitia wasiwasi. Nikienda kwenye kozi za hao wakubwa si nitachekwa? Na matangazo ya kazi mengi wanataka wazawa wa lugha.

Marahaba mwanangu. Wasiwasi huo ni wa walimu wengi kuliko unavyodhani, na kukiboresha Kiingereza chako nako ni kujiendeleza kikazi, hesabu kabisa kwenye mipango yako ya mwaka. Kuingia CELTA hawaulizi umezaliwa wapi, wanaangalia kiwango, karibu na C1 ya juu au C2 (kipimo cha lugha cha Ulaya kinaanzia A1 mpaka C2), na kuna usaili na zoezi la lugha kabla hujakubaliwa. Kwa hiyo jipime kwanza, majaribio ya bure yapo mtandaoni, ukikuta uko B2 acha cheti kisubiri na hiyo ada iweke kwenye lugha. Soma vitu virefu, sio posti, na ongea na ticha mwenzako kwa Kiingereza mnapopanga somo, kwa sababu Kiingereza cha darasani ndicho unachokihitaji kila siku, kutoa maelekezo, kufafanua neno kwa maneno mepesi zaidi, kumsahihisha mtu bila kumvunja moyo.

Kuhusu hayo matangazo, TESOL wenyewe walitoa tamko mwaka 2006 la kupinga ubaguzi dhidi ya walimu ambao Kiingereza sio lugha yao ya kwanza. Waajiri wengine bado wanaandika hivyohivyo. Wewe omba, na kwenye barua usijitetee kuhusu ulikozaliwa, eleza umefundisha viwango gani na darasa lako lilikuwa na watu wangapi, na kama wanaruhusu waambie uko tayari kufundisha somo la majaribio wakuone.