Mdomo kutangulia sauti: anza na spika ya Bluetooth

Ndugu, ikiwa kwenye video mdomo wa msemaji unatangulia na sauti inafuata nyuma, mshukiwa wa kwanza ni hiyo spika yako ya Bluetooth, wala si intaneti, kwa kuwa intaneti dhaifu kwa kawaida husimamisha picha na sauti kwa pamoja. Spika isiyo na waya hupokea sauti iliyobanwa, huifungua na kuihifadhi kidogo kabla ya kuitoa, na safari hiyo huweza kula milisekunde 200, ilhali kwa vipimo vya ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, mtazamaji huanza kuhisi kuchelewa kwenye takribani milisekunde 125. Chomeka hedifoni za waya, ucheze kipande kilekile. Katika maabara ya shule ninayoihudumia hapa Dodoma, mwalimu wa Kemia kwenye skrini alikuwa ameshafunga mdomo ndipo neno linasikika. Waya ulipoingia tu, vikaenda sawa. Tatizo likibaki, fungua mipangilio ya kivinjari cha Chrome, sehemu ya Mfumo, zima matumizi ya kadi ya michoro, kisha uanzishe upya Chrome. Ila kama ni video moja tu inayokosea, tena kwenye kila kifaa, kasoro imo ndani ya faili lenyewe.