Usilipe Ijumaa: kuhusu digrii ya uuguzi ya mtandaoni

Usilipe. Mdogo wangu wa Nachingwea, kama hela bado iko benki, iache ilale huko huko.

Umeandika kwamba una diploma, uko zahanati, na wakala amekupigia hesabu ya digrii ya uuguzi ya chuo cha nje inayosomwa mtandaoni. Awamu ya kwanza Sh 2,500,000, mwisho Ijumaa. Umeuliza kama simu inatosha au ununue laptop, ujiunge kifurushi gani, wenzako kazini watakuchukuliaje, na kama ukope benki. Halafu katikati ya maelezo, kama jambo dogo tu, ukaandika: "Wakala kasema mazoezi ya wodini nimesamehewa kwa sababu tayari nipo kazini." Maneno hayo hayo niliambiwa mimi. Ndiyo maana nimeacha shughuli zangu nikuandikie.

Mimi ni muuguzi, wilaya ya Tandahimba, wodi ya wazazi. Wakala wangu alikuja msimu wa minada ya korosho, wakati kila nyumba ina hela au inaitegemea wiki hiyo. Alipanga vipeperushi juu ya meza ya chai ya wafanyakazi, akatuonyesha kwenye simu kwamba chuo kinatambulika nchini kwake, na kweli kinatambulika, hilo hakudanganya. Nikamuuliza mafunzo kwa vitendo yanafanyikia wapi. Akacheka, akasema: "Dada, wodi yako ndiyo mazoezi yako. Unazalisha kila usiku, chuo kikufundishe nini tena?" Kwa mtu aliyekesha na akina mama miaka mingi, maneno hayo yanaingia vizuri sana masikioni. Yanakupa heshima ambayo mwajiri hajakupa. Na huyo wakala alijua hivyo.

Nikasoma. Mama aliongezea hela ya korosho, iliyobaki nikakopa benki, makato yakaanza kwenye mshahara. Nilisoma kwa bidii, sikununua kazi ya mtu wala sikufanyiwa mtihani. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar kule Somanga, na tarehe 12 mwezi huo huo intaneti ya nchi ikaanguka baada ya nyaya za baharini kukatika, chuo kilinisogezea mitihani bila maneno. Kwa hiyo sisemi kilikuwa chuo hewa. Cheti kilikuja, kizuri, na muhuri wake.

Nikakipeleka kwa afisa utumishi nibadilishiwe muundo, nitoke Afisa Muuguzi Msaidizi niwe Afisa Muuguzi. Akasema sawa, lete usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa hiyo digrii. Hapo ndipo nilipojua nimeuziwa nini. Mtumishi wa Baraza aliyepokea karatasi zangu alikuwa mpole kabisa. Aliweka kidole kwenye transkripti akashuka nacho mstari kwa mstari, anatomia, famakolojia, utafiti, uongozi, mpaka penye mafunzo kwa vitendo. Mahali pa saa palikuwa wazi. Mahali pa alama pameandikwa: imesamehewa kwa uzoefu wa kazi. Akaniuliza mambo matatu tu. Hospitali gani ilikupokea kama mwanafunzi? Nani alikusimamia? Logibuku, yaani daftari la mazoezi, iliyosainiwa iko wapi? Sikuwa na jibu hata moja. Digrii haisajiliki kama ilivyo, na mwajiri hawezi kunibadilishia muundo kwa cheti ambacho Baraza halijakiingiza kwenye rejista. Mkopo unaendelea kukatwa mpaka leo, kwa mshahara ule ule wa diploma.

Nilimpigia wakala. Mara ya kwanza akasema ni suala la muda, chuo kitaandika barua. Baadaye akasema Baraza lina urasimu. Mwisho akaacha kupokea. Chuo chenyewe kikajibu kwamba sera yao ya kusamehe mazoezi ni ya wanafunzi wa nchini kwao wenye leseni za huko, na kwamba wakala hakupaswa kuahidi usajili wa nchi nyingine. Sasa niambie, huyo wakala alikula kamisheni ya nini? Alizunguka wilaya zetu akiuza kitu ambacho mwenye nacho hajawahi kukiahidi, na anaendelea kuzunguka. Huyu ni kangomba kabisa, kama wale walanguzi wa korosho: anamjia mtu wakati wa shida, anabeba mali kwa kipimo chake mwenyewe, na mzigo ukifika ghalani yeye hayupo. Wa korosho tunawakamata. Huyu anakaribishwa chai kwenye vituo vya afya vya serikali, na wafawidhi wanamwitia watu.

Sasa usije ukadhani Baraza linatuonea. Nililia kwanza, halafu nikatafakari. Kituo changu kina wazazi, kliniki ya watoto na wagonjwa wa nje. Hakina ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, hakina wodi ya afya ya akili, upasuaji mkubwa tunapeleka rufaa. Zahanati yako kule Nachingwea ina hata kidogo kuliko hivyo. Afisa Muuguzi anaweza kupangiwa kesho aongoze wodi yoyote katika hospitali ya mkoa. Mimi ningesimama mbele ya mashine ya kupumulia ambayo sijawahi kuigusa, na cheti kinasema najua. Uzoefu wa kazi ni kweli upo, lakini ni uzoefu wa vile vitu vinavyokuja mlangoni kwako tu. Ndiyo maana mwanafunzi anazungushwa wodi na mtu anasaini kwamba amemwona akifanya.

Umeuliza wenzako watakuonaje. Watagawanyika. Watu wazima wengi wataiita digrii ya simu. Mfawidhi wetu alisema mbele yangu kwamba uuguzi haupiti kwenye waya, na kwamba mimi nasoma kwa kubofya. Vijana watakupongeza, maana huku kusini hali tunaijua: vyuo vya digrii ya uuguzi tunavyovisikia viko Dar, Dodoma, Moshi, Mwanza. Mtwara mpaka Dar peke yake ni zaidi ya kilomita 500, una watoto, kituo kina wauguzi wa kuhesabu, na mkurugenzi hawezi kuruhusu wote waondoke. Mtu akikwambia utasoma ukiwa Nachingwea na mshahara unaingia, lazima moyo ucheze.

Nimeishi na maneno ya pande zote mbili na naona zote zinatazama pasipo penyewe. Mfawidhi alikosea kuhusu kusoma. Usiku mmoja wa zamu, kazi ya moduli ilinitaka nisome utafiti wa E-MOTIVE wa mwaka 2023, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, kuhusu damu kutoka kwa wingi baada ya kujifungua. Wale walimwekea mama mfuko chini yake wenye alama za mililita, damu ikaonekana kwa kipimo badala ya kukadiriwa kwa macho, na hatua zote za matibabu zikaanza kwa pamoja badala ya moja baada ya nyingine. Matukio mabaya ya damu yalipungua kwa asilimia 60. Nilisoma hayo kwenye simu, huku mama niliyemzalisha amelala hatua chache kutoka nilipokaa, juu ya kitambaa ambacho damu yake nilikuwa nimeikadiria kwa macho kama tulivyozoea. Asubuhi nilimwonyesha mfawidhi ile makala. Aliisoma yote amesimama, na tangu siku hiyo tunapima. Hakuna atakayeniambia sikujifunza kitu mtandaoni.

Lakini vijana nao wanakosea wanapodhani ubishi ni kati ya mtandao na darasa. Kenya mwaka 2005, shirika la afya la Amref walianza kuwapandisha wauguzi wa cheti kwenda diploma kwa kompyuta, wakiwa vituoni mwao. Kilichofanya ile kitu isimame ni kwamba Baraza la Uuguzi la Kenya lilikuwa ndani tangu mwanzo, na mazoezi yalifanywa hospitalini chini ya wasimamizi. Marekani muuguzi mwenye leseni kumalizia digrii mtandaoni ni jambo la kawaida sasa, lakini programu inayoaminika imepita kwenye ithibati ya CCNE au ACEN, mashirika ya huko yanayokagua mafunzo ya uuguzi, kwa hiyo mwajiri anajua nani ameikagua. Na Marekani hiyo hiyo, Januari 2023, serikali yao ilitangaza kuwafungulia mashtaka watu 25 kwa biashara ya vyeti feki vya uuguzi zaidi ya 7,600, kutoka vyuo vitatu vya Florida. Vile vilikuwa vyuo vyenye milango na mabango, wala si vya kwenye simu. Basi usihukumu kwa kuangalia jengo, wala usihukumu kwa kuangalia mtandao. Angalia nani anasaini mazoezi, na kama sahihi yake inakubalika kwa anayetunza rejista.

Na rejista hapa nchini inatunzwa na Baraza, kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Wakala atakuchanganya hapa kwa makusudi, kwa hiyo shika hili. Chuo kutambuliwa nchini kwake ni jambo moja. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kuitambua tuzo yako ya nje ni jambo la pili. Baraza kukusajili kwa tuzo hiyo ni la tatu. Wakala anakuonyesha la kwanza na kukuacha uamini umepata yote matatu. Mimi nilionyeshwa la kwanza tu.

Kanuni yangu ni moja na nitairudia kila nikimwona mtu kama wewe: barua ya Baraza kwanza, ada baadaye. Si simu. Si "nilimuuliza mtu anayefanya kazi kule". Si picha ya skrini kutoka kwenye grupu la WhatsApp. Barua, yenye namba ya kumbukumbu, inayotaja chuo chako kwa jina na programu yako kwa jina. Ukishaipata, peleka TCU swali la utambuzi na uwaulize pia kuhusu cheti cha kutokuwa na pingamizi wanachotoa kwa wanaosoma nje. Kisha nenda kwa mkurugenzi ukaombe kibali cha masomo kwa maandishi, uingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Ukisoma kimya kimya, afisa utumishi ana haki ya kukuuliza nani alikuruhusu. Lakini hayo mawili yanafuata. Barua ya Baraza ndiyo inayotangulia, na isipokuja usilipe.

Jambo jingine la kumpima huyo wakala wako. Je, amekuuliza GPA? Vyuo vya hapa, mwenye diploma anaingia digrii akiwa na GPA isiyopungua 3.0, na ufaulu wake wa kidato cha nne katika masomo ya sayansi unaangaliwa. Wangu hakuuliza chochote zaidi ya namba ya simu na tarehe ya mshahara. Mtu anayekupokea bila kutaka kujua kama unaweza kusoma hajali kama utamaliza.

Na kama chuo ni cha kweli, hakitashindwa kukutafutia pa kufanyia mazoezi huku huku. Mtwara kuna Ligula na Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Ndanda ipo. Kwako Lindi kuna Sokoine, kuna Nyangao. Mwambie wakala akuletee makubaliano yaliyosainiwa kati ya chuo na mojawapo ya hospitali hizo, na jina la atakayekusimamia. Akisema hayo yatashughulikiwa ukishalipa, umeshapata jibu lako.

Kuhusu mkopo, usikope kwa kitu hiki kabla ya barua. Ukishapata barua na kibali, njoo tena hapa tupige hesabu ya makato pamoja, maana hapo utakuwa unakopa kwa ajili ya daraja ambalo lipo. Na kama moyo unataka tu kusoma ukiwa kazini, waulize kwanza vyuo vya hapa nyumbani. Aga Khan pale Dar wamekuwa wakiwafundisha wauguzi walioajiriwa kwa mtindo wa kusoma huku wanafanya kazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Safari ni ndefu kweli, lakini digrii yake haina maswali ya rejista.

Hiyo Ijumaa ni tarehe ya wakala, si ya chuo. Vyuo hupokea wanafunzi kila mwaka. Wangu pia alisema Ijumaa, na mwenzangu aliyechelewa alipokelewa wiki zilizofuata kwa bei ile ile.

Kwenye barua usiandike hadithi ndefu. Taja jina lako na namba yako ya leseni, taja chuo, nchi na jina kamili la programu, kisha uulize waziwazi: nikimaliza programu hii, ambayo mafunzo yake kwa vitendo yatafanyika hivi na hivi, nitasajiliwa kwa kiwango cha digrii au la? Ambatisha mtaala, si kipeperushi. Mtaala utaudai kwa chuo chenyewe, usiupokee kwa wakala. Nakala ya barua niliyokuja kuiandika baadaye, nikiulizia namna ya kufanya upya hayo mazoezi hospitalini, bado ninayo. Njoo PM nikutumie leo, kabla sijaingia zamu ya usiku.