Mkunjo wa S na sensa za Tanzania

Mkuu, umeuliza kwa nini mkunjo wa S (mchoro wa ukuaji unaopanda kwa kasi kisha kupungua hadi kufikia kikomo) unakupa kikomo cha ajabu kila ukiupa sensa za Tanzania. Programu yako haina kosa. Chora logi (logarithimu) ya idadi ya watu: milioni 12.3 mwaka 1967, 23.1 mwaka 1988, 44.9 mwaka 2012, 61.7 mwaka 2022. Ni kama mstari ulionyooka! Mstari huo una maana ukuaji haujaanza kupungua kasi, sasa kikomo kitatoka wapi? Kwa miaka hiyo tumia ukuaji wa asilimia isiyobadilika, karibu 2.9 kwa mwaka, basi. Usijilaumu, hata watafiti Pearl na Reed, mwaka 1920, kwa mkunjo huohuo waliiwekea Marekani kikomo cha watu milioni 197, sensa ya 1970 ikakuta milioni 203.