Je, Karatu ilimfuata mtu au chama?

Kwa swali la iwapo wapiga kura wa miji midogo humfuata mtu tu, Karatu, mkoani Arusha, inatoa jibu ambalo si jepesi. Ni kweli kwamba upinzani uliota mizizi pale mwaka 1995, wakati Dkt. Willibrod Slaa, aliyekuwa padri wa Kanisa Katoliki, alipokatwa jina ndani ya CCM, akahamia CHADEMA na kushinda ubunge, kiti alichokishika hadi mwaka 2010 alipogombea urais. Hata hivyo, alipoondoka, CHADEMA ilishinda tena chini ya Mchungaji Israel Natse. Na mwaka 2015, ingawa Slaa alikuwa ameachana na chama hicho kwa sababu ya ujio wa Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyetoka CCM, wananchi walimchagua Willy Qambalo wa CHADEMA. Mazoea ya miaka 20, nadhani, yalikuwa yamekwisha kuwa ya kwao wenyewe. Mwaka 2020 kiti kilirudi CCM, lakini katika uchaguzi ule upinzani ulipoteza karibu majimbo yote nchini na kuyapinga matokeo, kwa hiyo mimi nisingeutumia kupima mwelekeo wa Karatu peke yake.