Mwanao Akitaka Kula kwa Besiboli: Niliyoyaona Nikiwalaza Wachezaji Nyumbani

Mwezi uliopita jirani yangu, mama mwenzangu aliyetokea Goma, aliingia jikoni kwangu na karatasi mkononi. Mwanawe wa kwanza ana miaka 18 na anarusha mpira kwa kasi ambayo makocha wa shule nyingine wanakuja kuitazama. Sasa kuna mtu wa klabu moja ameanza kupiga simu nyumbani. "Dada, wewe umeishi na hawa watu," aliniambia. "Hii ni kazi kweli?"

Tulizungumza mpaka chai ikapoa. Najua hayuko peke yake. Hapa Iowa, Marekani, watoto wa Wakongo, Warundi, Wakenya na sisi Watanzania wanakulia kwenye viwanja vya besiboli, na wengi wetu wazazi hata mchezo wenyewe hatuujui, sembuse mikataba yake.

Mimi nimezaliwa Tanga. Kuanzia 2013 hadi 2019, kabla korona haijafuta msimu mzima wa 2020, mimi na mume wangu tulikuwa wenyeji wa wachezaji wa ligi ndogo, yaani madaraja ambako klabu za Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani huwakuza vijana wao. Wakati ule kijana alijitafutia malazi mwenyewe, na mshahara wake haukutosha kulipa kodi ya nyumba, kwa hiyo klabu nyingi ziliomba familia za mjini zitoe chumba. Misimu saba, vijana tisa. Walitoka Texas, Georgia, Venezuela, Jamhuri ya Dominika. Yule wa Dominika alipoona nakaanga ndizi alikaa kimya kidogo, kisha akaomba simu ampigie mama yake.

Kati ya wale tisa, mmoja tu alifika Ligi Kuu. Alikaa huko siku 19.

Hapo ndipo nilipomwambia mama wa Goma aache swali la "atafika au hatafika", kwa sababu halimsaidii kupanga chochote. Mchezaji wa besiboli anayedumu, mara nyingi, ni yule anayehamishwa, anashushwa daraja, anaachwa, anachukuliwa na wengine, na kila mahali anaamka asubuhi akafanye kazi. Kuhama ndiyo kazi yenyewe. Mtoto asiyefundishwa hilo nyumbani atalia mara ya kwanza atakapoambiwa afungashe, na atadhani ameshindwa.

Mtazame mrushaji Edwin Jackson. Alizaliwa Neu-Ulm, Ujerumani, baba yake akiwa mwanajeshi wa Marekani, kwa hiyo kuhama alikujua tangu utotoni. Mechi yake ya kwanza Ligi Kuu aliirusha siku alipotimiza miaka 20, tarehe 9 Septemba 2003, akiwa na Dodgers, klabu ya Los Angeles, dhidi ya Randy Johnson, mmoja wa warushaji wakubwa waliopata kutokea. Akashinda. Kwa jumla alichezea klabu 14 za Ligi Kuu, na hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kufikisha idadi hiyo kabla yake. Tarehe 27 Julai 2011 alihamishwa mara mbili kwa siku moja: Chicago wakampeleka Toronto, na Toronto wakampeleka St. Louis kabla hajavaa jezi yao. Oktoba ya mwaka huohuo alikuwa bingwa na St. Louis. Toronto alikuja kuichezea kweli mwaka 2019, na hiyo ndiyo klabu ya kumi na nne.

Hesabu yake ya mwisho ni ushindi 107 na kupoteza 133. Ukiisoma haraka utasema alipoteza zaidi ya alivyoshinda. Mimi naiona tofauti: mtu hapewi nafasi ya kupoteza mechi 133 katika Ligi Kuu kama makocha hawamwamini. Klabu ilipokosa mrushaji mwenye mkono mzima, ilijua anapatikana wapi.

Sasa habari ya pesa, na hapa naomba wazazi wasome polepole. Tangu mkataba wa 2023, baada ya wachezaji wa ligi ndogo kujiunga na chama cha wafanyakazi mwaka 2022, mchezaji wa daraja linalofuata moja kwa moja chini ya Ligi Kuu alianza kulipwa angalau dola 35,800 kwa mwaka. Madaraja mawili chini yake, kama lile la vijana niliowalaza, ilikuwa dola 27,300. Kabla ya hapo ilikuwa kama 11,000. Malazi pia ni jukumu la klabu tangu 2022, ndiyo maana chumba changu sasa kina cherehani. Lakini Ligi Kuu, kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000, na pesa hiyo huhesabiwa kwa siku. Kila siku moja ni zaidi ya dola 4,000. Kijana anaweza kuwa juu Jumanne na chini Ijumaa. Klabu inaruhusiwa kumshusha na kumpandisha mpaka mara tano kwa msimu mmoja, na yeye hana la kusema.

Nirudi kwa yule wangu wa siku 19. Alikuwa mdakaji, yule anayedaka mipira ya mrushaji, mtu mpole, asubuhi alikuwa akiosha vyombo bila kuombwa. Alipoitwa juu alikuwa ameshatoka kwangu miaka mitatu, lakini alinipigia simu usiku ule, na mume wangu akaamka tukashangilia kama harusi. Tulichokuwa hatujui ni kwamba pensheni ya Ligi Kuu inaanza mchezaji akifikisha siku 43. Yeye alibakiza 24. Wakamwondoa kwenye orodha ya watu 40 ambao klabu huchagua kati yao wa kucheza Ligi Kuu, zikapita siku za kusubiri kama kuna klabu itamchukua, haikutokea. Nilimuuliza baadaye kama alikuwa akizihesabu zile siku. Akaniambia kuanzia ya kumi alikuwa akizihesabu kila usiku, na ndipo mkono ukaanza kuwa mzito.

Kwa hiyo, mama, mwanao azijue siku 43 kabla hajazifikia, na azijue pamoja na mtu wa kumtulizia moyo. Mdakaji wangu alizibeba peke yake hotelini.

Kuhusu kusaini: usikubali wakutajie pesa ya saini tu. Ni kweli wachache wanaochaguliwa mwanzo klabu zinapogawana vijana wanapewa mamilioni, lakini upo upande wa pili ambao hautangazwi, wa vijana wanaosaini kwa dola elfu chache, na kodi ya serikali inakatwa humohumo. Uliza ada ya chuo. Klabu inaweza kuandika kwenye mkataba kwamba itamlipia masomo akishamaliza kucheza, ila lazima yawemo tangu siku ya kusaini. Na masomo hayo yana muda: asipoanza ndani ya miaka miwili baada ya kuacha, haki inapotea. Mmoja wa vijana wangu aliipoteza hivyo. Alikuwa akisubiri klabu nyingine impigie, mwaka ukapita, wa pili ukapita, na hakuna aliyemkumbusha. Hata mimi sikujua. Linaniuma mpaka leo.

Uliza pia mwanao atafungwa kwa klabu hiyo miaka mingapi. Ajifunze nafasi ya pili uwanjani, hata kama sasa anasifiwa kwa moja, maana anayeweza kusimama mahali patatu ndiye anayebakishwa kambi ya mazoezi ya Machi inapofungwa. Na kiwiko cha mrushaji, jamani: upasuaji wa kano ya ndani ya kiwiko unamweka nje mwaka mzima au zaidi. Mtoto wa miaka 18 asirushe kila wikendi kwa sababu kuna watu wamekuja na vipima kasi.

Watoto walioko Afrika Mashariki nao wanaangalia. Ben Serunkuma na Umar Male wa Uganda walisaini na Dodgers mwaka 2022. Kabla yao, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyelelewa kwenye jengo la klabu ambako mama yake alifanya kazi, alisaini na Pittsburgh mwaka 2008 na akasubiri mpaka tarehe 26 Aprili 2017 kuwa Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kucheza Ligi Kuu. Zamu yake ya kwanza kupiga, akafika kituo cha kwanza. Mama yake alikuwa ameshafariki, mwaka 2013. Alicheza mechi 41 tu za Ligi Kuu, kwa klabu mbili, kisha akaendelea kuhama. Sijui mzazi atakayesoma habari hiyo akaiita kushindwa.

Mambo ya nyumbani ni machache lakini usiyapuuze. Akiunti ya benki iwe ya jina lake, pasipoti iwe hai, vyeti vyake vibaki kwako. Mfundishe kupika vitu vitatu. Kila akihamishwa, mpigie usiku wa kwanza mahali papya, siyo wa pili. Na msimuulize "umepanda lini?" kwenye simu ya familia mbele ya wajomba. Vijana wangu wote waliichukia simu ya Jumapili kwa sababu ya swali hilo.

Mdakaji wangu bado anacheza. Kiangazi hiki yuko Mexico, klabu yake ya saba. Juzi alituma picha ya sufuria, akauliza kama nazi inaingia kabla au baada ya maharage kuiva. Nimemwambia baada, na moto uwe mdogo.